Siku ya Kupaka Lami

Mvua zikikata, mitumbwi yote Matema hulala kifudifudi mchangani,
matako juu, kama watoto wanaongoja kupakwa mafuta.
Lami inatokota kwenye debe,
moshi wake unapanda kuutafuta mlima,
na sisi wenye vyombo tunaanza kusomana makovu.

Ambakisye hutangulia. Daima.
Anaweka kidole kwenye ubao wa tatu, kushoto:
"Hapa. Mdomo wa mto Mbaka. Kiboko."
Mwaka juzi kiboko yule alikuwa ndama.
Mwaka jana alikuwa na mke.
Leo meno yake yanalingana na mpini wa jembe,
na amekibeba chombo mgongoni,
pamoja na magunia ishirini ya mpunga,
umbali wa kutoka hapa hadi kanisani.
"Mninga wa Chunya," anasema, akigonga ubao. "Haupasuki."
Hatumbishii. Lami ni yake.

Anyosisye yeye hana kovu la kuonyesha,
ndiyo maana hadithi yake ni ndefu.
Mashine ilichomoka usiku, ikazama na deni lake.
Upepo wa mlimani ukamsukuma siku tatu,
akila usipa wabichi, akinywa ziwa,
mpaka mchanga wa Karonga, ambako askari
alimkamata kwa Kinyakyusa safi, kama shangazi.
Chombo hakikupata hata ufa.
Ufa aliukuta nyumbani:
matanga yalishaanuliwa,
na jogoo wake alikuwa ameliwa
kwenye msiba wake mwenyewe.

Wanacheka. Kisha wananigeukia.
Mimi Tupokigwe, mwanamke pekee mwenye chombo hapa,
na chombo chenyewe gogo moja la urithi
lenye kiraka cha mfuniko wa sufuria.
"Na wewe?"
"Uligonga jiwe," nasema. "Nikauziba."
Wanarudi kwa kiboko.

Tulitoka Ikombe na vyungu sitini na viwili,
mimi na Sikujua, mfinyanzi, mnene wa mwili na wa maneno.
Mwera ukaamka kabla hatujapita miamba.
Ziwa likawa na vilima na mabonde kama Rungwe.
Jiwe halikupiga kelele; lilisema *tk*,
kama mtu anayevunja muwa gizani,
na maji yakanishika vifundo vya miguu.

Nikasema: tutupe vyungu.
Akasema: tupa viatu vyako.
Nikasema: Sikujua, tunakufa.
Akasema: basi tufe navyo, nimeviota jua wiki mbili.
Akafungua jani la mgomba,
akatoa bonge la udongo mbichi wa kurekebishia midomo,
akalisindilia kwenye ufa kwa ngumi,
akageuka,
akalikalia.

Saa mbili na nusu.
Nilipiga kasia, nikafua maji kwa chungu kidogo, nikapiga kasia.
Yeye hakusogea hata kujikuna.
Alikuwa akiutukana upepo kwa Kikisi, polepole,
akianzia kwa bibi yake upepo,
na katikati ya matusi akihesabu: arobaini na tatu, arobaini na nne.

Tulifika na sitini na kimoja.
Kile cha kufulia maji nilikiangusha mimi, nchi kavu, kwa kutetemeka.
Bado ananidai.

Aliponyanyuka, udongo ulibaki ufani
umechukua chapa ya kitenge chake:
maua mawili, na nusu ya tausi.
Nilitamani kuubandua nikauchome.

Tangu hapo halipi nauli.
Nikimwomba hata ya chumvi
anajipiga kofi nyuma, watu wote ufukweni wasikie:
"Na ubao huu, ni wa nani?"

Ningewasimulia hawa.
Lakini wangeniuliza ni mti gani.

Ambakisye anainua brashi, anauliza kama lami imenitosha.
Nasema ongeza kidogo. Hapa.
Hapana. Chini kidogo. Hapo.